Mhadhara wa Saa Nne

Nililipwa nusu siku niwe ulimi wa mtu mwingine.
Ukumbi wa kata, Shela ya Malindi,
viti themanini vya plastiki, feni mbili,
moja ikizunguka kwa kujilazimisha,
na bango limening'inia kombo:
MTO, TOPE NA MATUMBAWE. WOTE MNAKARIBISHWA.

Wote walikuwa kumi na wanane.
Humo nimemhesabu kijana wa projekta, aliyekuwa kazini,
maafisa watatu waliokaa karibu na maji ya chupa,
na mwanachuo aliyeniuliza mlangoni
kama vyeti vitatolewa leo au vitatumwa.

Daktari Mutheu alisema Kiingereza cha sentensi ndefu,
nami nikazikata vipande vya kumezeka.
Alitaja neno, nikalitoa: mashapo.
Nikaona macho yanazimika.
Nikasema, basi, tope. Lile tope jembamba
linaloganda kwenye upindo wa leso
ukiingia baharini Januari, maji yakiwa rangi ya chai.
Vichwa vikaitikia.

Akasema matumbawe yanapoteza rangi.
Nikasema yamepauka,
kama goti la mtoto asiyepakwa mafuta.
Afisa mmoja akacheka, akaandika.

Kisha ukutani ukaja mchoro wa maji,
mstari wa buluu unapanda, unashuka,
unapanda, unashuka,
kifua cha mtu aliyelala,
na kwa nukta nyekundu ya taa yake
daktari akagusa shimo la chini kabisa.
Nikafasiri: Leo ni bamvua.
Maji yatakupwa mwisho wake saa nne na nusu.

Saa ya ukutani ilisema saa nne na dakika ishirini.

Nikasikia nilichofasiri.
Nikavitazama viti sitini na viwili vitupu,
na baadhi yake nikawajua wenyewe:
Bi Twaiba, Nyevu, Mbeyu na mawifi zake.
Wakati huohuo walikuwa mwambani,
maji magotini, mikonjo mkononi,
wakichokoa pweza mashimoni,
maana bahari hufungua mlango kwa saa mbili tu
na haitumi barua ya mwaliko.

Nilitaka kumwambia.
Lakini mkalimani hana maneno yake,
hulipwa ili asiwe nayo.

Saa saba kasoro robo wakafika, tuktuk tatu toka Mayungu,
leso zikichuruzika sakafuni.
Kijana alikuwa anakunja waya. Sambusa zilibaki sita.
Wakapewa karatasi ya kutia sahihi:
Jina. Simu. Taasisi.
Nyevu akauliza, taasisi ndiyo nini?
Nikamwambia, pale unapofanya kazi.
Akaandika: Mwambani.
Wenzake chini yake wakatia vijialama viwili viwili,
yaani vilevile, vilevile, vilevile.

Bi Twaiba hakuandika.
Alikwenda kwenye ramani ya karatasi,
akaufuata mto kinyumenyume kwa kidole chenye wino wa pweza,
Sabaki, Galana, Athi,
mpaka vilimani.
"Kwenu wapi, daktari?"

Safari hii hakuningoja.
"Machakos," akajibu, kwa Kiswahili cha kwao.
"Juu kabisa. Mvua ikinyesha, shamba la mama hushuka mtoni."

"Ahaa. Basi shamba la mamako nalijua.
Kila kaskazi nalikung'uta kwenye leso."

Walicheka, si wote.
Daktari alitazama viatu vyake,
kisha akavuta kiti, safu ya tatu,
akageuza daftari akalifungua kwa nyuma,
akauliza mwamba ulikuwaje mwaka ule Mbeyu alipoolewa.
Mbeyu akasema, kaa vizuri basi.

Sikuwa na kazi tena.
Nikala sambusa ya mwisho, baridi.
Feni mbovu ilikuwa imezimwa,
na kwenye ndoo pale mlangoni
kitu kilikuwa bado kinasukuma kifuniko.